Kamba Uliyomsokotea Robi

Homa Bay,
Jumamosi, Sabato imekwisha.

Kwako Baba Robi,

Barua hii ikikufikia, tafuta kiti kwanza. Usiisome umesimama mlangoni kama unavyosoma karatasi za chifu, maana ni ndefu. Nimeiandika polepole kwa mwandiko wangu wa darasa la sita, ule uliokuwa ukiucheka zamani kule Muhuru Bay, ulipokuja kununua omena, dagaa wetu wa ziwani, ukawa unaniachia vikaratasi vya Kiswahili kwa sababu wewe hukujua Kijaluo na mimi sikujua Kikuria. Kiswahili hicho hicho ndicho ninachokuandikia leo. Kilitosha kutuoza, kitatosha na hili.

Anayeileta ni yule mama wa maharagwe wa huko kwetu Kegonga. Mpe uji, asiondoke mdomo mkavu.

Sisi huku tuko salama. Mimi nina kikohozi kidogo cha upepo wa ziwa. Robi ni mzima, hata shavu limejaa, maana samaki hawakosekani. Nyinyi je? Mguu wa mama yako umepoa, au bado anaukanda kwa maji ya chumvi? Yule ng'ombe mwekundu alizaa? Na mgongo wako? Wewe najua utaandika "hatujambo" na kutia nukta, kwa hiyo nimemwambia mama wa maharagwe akutazame ukiinama, aje aniambie mwenyewe.

Sasa nikuambie kilichonikalisha na kalamu.

Shemeji Chacha alifika hapa na lori la mahindi, akaja mpaka chumbani kwetu. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, viti hatuna vya kutosha, akanywa chai, ndipo akatoa ujumbe wako. "Shemeji, ndugu yangu amemaliza nyumba ya Robi. Mabati mapya, yanang'aa mpaka upande wa Tanzania wanatuona. Tena amesokota kamba ya katani. Imetoka mlangoni kwa Robi mpaka jikoni, mpaka chooni, mpaka kwa bibi. Mtoto atatembea mwenyewe bila kushikwa mkono. Soko kubwa likifika nakuja na lori. Mfunge vitu."

Mimi nikamwongezea chai. Robi ndiye aliyeuliza, "Baba mdogo, hiyo kamba ina mafundo?"

"Ina mafundo. Moja ni jiko, mawili ni choo, matatu ni kwa bibi yako. Babako amekaa jioni nyingi akifunga na kufungua. Nikamwambia, wewe Mwita, unataka kuvua samaki huku juu milimani?"

Robi akacheka, halafu akageuza uso ukutani. Unamjua. Akigeuza uso ukutani hatazami kitu, ni kwamba hataki kutazamwa.

Chacha naye, kwa sababu hawezi kunyamaza, akasema amesikia redioni kwamba mwaka elfu mbili ukiingia kompyuta zote zitakufa, kwa hiyo hata hiyo kazi ya Robi ni ya miezi tu. Robi akamjibu bila kugeuka, "Baba mdogo, hata ng'ombe hufa, na watu wanafuga."

Kwa hiyo unaona, Baba Robi, siandiki kuidharau kazi ya mikono yako. Nyumba ya mabati si kitu cha kudharau, na hiyo kamba nimeiota mara nyingi. Naandika kukuomba umwache Robi hapa Homa Bay afanye kazi yake, na lori la Chacha lirudi bila yeye. Nimesema. Lakini usiamue kabla hujafika mwisho wa karatasi.

Kazi yenyewe hukuiona, na Chacha akikueleza atakupotosha. Ofisi ni chumba kimoja nyuma ya uwanja tunakoanika omena, ni ya ushirika wa akina mama wa hapa. Mimi huwapikia chai na kufagia. Kompyuta waliletewa na wageni, ikakaa mezani muda mrefu imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua, kama televisheni ya mtu asiye na stima. Katibu wao, kijana anaitwa Ouma, ndiye pekee aliyekuwa akiigusa, na aliigusa kwa kidole kimoja. Ndipo yule mwalimu wa Robi wa shule ya wasioona akaja kumtembelea, akaweka ndani ya mashine programu ya kusoma kioo. Maana yake ni hivi: kila kitu ambacho mwenye macho angekiona kwenye kioo, mashine inakisema kwa sauti. Sauti ya mwanamume, ya kizungu, kama mtu anayesoma matangazo ya kanisa akiwa na mafua. Kiswahili hajui hata kidogo. Akisoma "Kegonga" utadhani amemeza mfupa. Lakini Robi anamwelewa vile wewe ulivyonielewa mimi mwaka ule wa kwanza, nusu kwa maneno na nusu kwa kuzoea.

Ouma anatumia kile kidude cha kusukuma juu ya meza, wanakiita mausi. Robi hakigusi. Yeye ni vitufe tu, vidole vyote kumi, tena bila kutafuta. Akishika viwili pamoja, karatasi iliyo mbele inafungwa. Akishika vingine viwili, anaruka kutoka kazi moja hadi nyingine kama mtu anayeruka mfereji. Nimekaa nyuma yake na birika mara nyingi, chai ikapoa.

Siku moja nilimuuliza, "Unajuaje uko wapi humo ndani?"

Akanishika mkono, akaniketisha. "Mama, funga macho. Sasa uko Kegonga, umesimama langoni kwetu."

"Nimesimama."

"Kompyuta nayo ina lango. Ukiingia unakuta nyumba. Wenyewe wanaziita folda. Ndani ya nyumba unaweza kukuta nyumba ndogo nyingine, au chungu, na ndani ya chungu ndimo barua imo. Bonyeza mshale wa chini."

Nikabonyeza. Yule mzungu akasema kitu.

"Hiyo ni nyumba ya Barua. Bonyeza tena. Hiyo ni ya Mikutano. Ukitaka kuingia, gonga hiki kitufe kikubwa cha kulia. Ukitaka kutoka, hiki cha juu yake, cha kurudi nyuma. Na kama hutaki kupita mlango kwa mlango ukibisha hodi, bonyeza herufi ya kwanza ya jina. M inakurusha mpaka Mikutano. B mpaka Barua."

Nilijaribu. Baba Robi, nilipotea! Niliingia nyumba sijui ya nani, sauti ikaanza kunikemea, nikafungua macho na kuinua mikono kama mtu aliyeshika kaa la moto. Robi alicheka mpaka akashika tumbo. "Mama, umevamia watu!" Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Ukipotea usipapase. Bibi alisemaje?"

Msomee mama hapa kwa sauti. Mama alisema, nami nilisikia kwa masikio yangu alipokuwa akimfundisha Robi kutembea upya baada ya ile surua: "Ukipotea ndani ya boma usipapase. Rudi langoni uanze upya." Na ile sheria yake nyingine, kwamba hakuna mtu wa nyumba yetu kuhamisha kitu bila kupaza sauti, "Kiti kimehama!" Iwe kigoda, iwe mtungi, iwe jembe. Wageni pia waliijua. Unakumbuka mchungaji alipokisogeza kigoda chake kukwepa moshi, ukamwambia, "Mchungaji, sema," naye akasema, tena kwa sauti ya mimbarini? Basi, mama, mafunzo yako yamefika ndani ya kompyuta. Sijui bibi mwingine wa Kegonga anayeweza kusema hivyo.

Sasa nifike Jumatano.

Mwenyekiti wa ushirika ni mama anaitwa Akoth. Si mtu mbaya, ni mtu aliyefiwa. Mdogo wake, Pamela, alizama na mashua akitoka kule kisiwani Takawiri na magunia ya omena, wakati ule Robi alikuwa ndiyo kwanza ameanza kazi. Akina mama walikaa ofisini wakatunga maneno ya kumuaga, Robi akayachapa, yakasomwa kaburini. Lakini Mama Akoth hakuyasikia. Alikuwa amezimia, amebebwa nyumbani. Baadaye hakuyauliza na hakuna aliyethubutu kumpa. Tangu hapo anaongea kifupi na hacheki.

Jumatano aliwaita wanachama wote waamue kama Robi atakuwa karani wao kabisa, au ashukuriwe aende zake. Walijaa mpaka dirishani. Mimi nilikuwa pembeni na birika, nimevaa ile nguo ya bluu uliyoninunulia Migori.

Robi akaketi, vidole vikaanza. Mama mmoja akasema, "Yaye, mbona kioo ni cheusi? Stima imepotea?"

"Stima iko, mama. Sikukiwasha kioo tu. Mimi nitakiangalia na nini?"

Wakacheka. "Nyar Kuria," wakamwita, yaani binti wa Wakuria, "washa basi nasi tuone sinema!"

"Haya, nimewawashia nyinyi mnaohitaji."

Baba Robi, walipiga makofi. Nikajua tumeshinda. Nilikuwa nimeshaanza kumimina chai kama mwenye harusi. Ndipo Mama Akoth aliposimama, na kicheko kikakatika.

"Wanasema unaongea na hii mashine," akasema. "Sitaki mengi. Nitafutie maneno ya Pamela."

Robi akarudisha vidole juu ya vitufe.

Maneno hayo Robi aliyaweka mwenyewe, katika nyumba aliyoiita Waliotutangulia. Njia yake ni W mara mbili, maana W ya kwanza ni Wanachama. Akabonyeza W. Sauti ikasema Wanachama. Akabonyeza W tena. Sauti ikasema Wanachama tena. Akarudia. Wanachama. Ile nyumba nyingine haikuwepo. Vidole vikasimama juu ya vitufe kama kuku aliyeinua mguu mmoja.

Wakaanza. "Anatafuta au anapiga kinanda?" "Mwacheni mtoto wa watu." "Si nilisema? Asiyeona na kioo, wapi na wapi?" Huyo aliyesema la mwisho namjua, na chai yangu hatakunywa ikiwa na sukari tena mpaka nimsamehe.

Nikamtazama Robi. Nilimwona shingo inashuka, vile ilivyokuwa ikishuka alipokuwa mdogo akigonga ukuta ambao jana haukuwa ukuta. Na hapo nikakumbuka. Jumanne jioni, Robi akiwa ameshaondoka, nilikuwa nafagia na Ouma yuko mezani. Akaniambia, "Mama Kompyuta, nami nafagia huku ndani. Kesho watu wanakuja, napanga vizuri." Nikamshukuru! Kijana wa watu alikuwa anafanya kama tunavyofanya sote wageni wakija, na mimi sikujua kwamba humo nako kuna kusogeza vigoda. Na Jumatano hiyo alikuwa ametumwa Rongo asubuhi na mapema, hayupo wa kuulizwa.

Sikufikiri. Nilisimama na birika langu nikapaza sauti ile ya nyumbani, ile ya kuita mtu ng'ambo ya mto:

"Robi! Kiti kimehama!"

Mama Akoth akanigeukia. "Umemwambia nini?"

"Nimemwambia kiti kimehama."

"Kiti gani? Viti vyote tumevikalia."

"Ni salamu ya kwetu, mwenyekiti."

"Hiyo salamu kaimalizie nje, Mama Robi."

Nikatolewa nje, mimi mama wa karani, na birika langu. Nikaenda kusimama dirishani. Lakini nilikuwa nimeshaona kilichonitosha: shingo ya Robi ilikuwa imeinuka.

Alirudi langoni. Nilimwona kwa macho yangu. Kidole kimoja, kile kitufe cha kurudi nyuma, akagonga, akagonga, akagonga, mpaka sauti ikawa inasema neno lile lile kila mara. Hapo ndipo hakuna pa kurudi tena. Akapumua. Kisha akaanza kushuka na mshale, mlango baada ya mlango, bila kuruka hata mmoja, kichwa amekiinamisha kidogo kama anavyosikiliza mvua inatokea upande gani.

Akakuta nyumba ambayo hakuijenga yeye. Ouma aliiita Mengineyo. Ndani yake alikuwa amerundika kila kitu, na majina ameyabadili, hotuba ya kwanza, hotuba ya pili, andiko, andiko. Basi ikabidi Robi afungue chungu kimoja kimoja, asikilize mstari, afunge, aende kingine. Hiki ni habari ya nyavu. Funga. Hiki ni habari ya choo cha soko. Funga. Kwetu sisi ilikuwa ni ng'ang'ang'a ya mzungu mwenye mafua tu, hatukuweza kujua kama amekaribia au amepotelea mbali zaidi.

Wakati huo wingu likatokea ziwani, jeusi, na omena ya watu wote iko nje juu ya nyavu. Akina mama wakaanza kunyanyuka. Mama Akoth mwenyewe alikuwa ameshika mlango. Mimi hapo dirishani nilisali, na nilisali vibaya. Nilimwambia Mungu, kama unamrudisha Kegonga mrudishe, lakini usimrudishe hivi, watu wakimpa kisogo.

Robi akainua mkono. "Mama Akoth, nimefika."

Sauti ikaanza kusoma. Hakuna aliyeelewa. "Huyu anasema nini?" Mama Akoth akauliza. "Hiki ndicho mlichomwandikia mdogo wangu?"

"Ndicho, mama. Ulimi wake ni mgeni tu. Ngoja, nitamfuata."

Basi yule mzungu akasema mstari, Robi akamnyamazisha kwa kitufe, akausema mstari kwa sauti yake mwenyewe. Akamwachia tena, akamnyamazisha, akasema. Sikujua mtoto wangu ana sauti ile. Ilikuwa ya mtu mzima.

"Pamela, ulikuwa wa kwanza kufika ufuoni na wa mwisho kuondoka. Ulipima omena kwa mkono uliojaa. Aliyekuja kwako bila pesa hakurudi bila mboga. Siku ile haikuwa zamu yako. Ulisema, dada ana homa, acheni alale, nitakwenda mimi. Hukusema kwa kunung'unika. Ulisema ukicheka, ukifunga kanga kiunoni. Dada yako akiyasikia haya, ajue ulikwenda ukicheka."

Mvua ikaanza. Ilikuja kubwa, ya matone mazito. Baba Robi, omena ya siku nzima ilikuwa nje, chakula na karo za watoto wa watu, na hakuna mama hata mmoja aliyekwenda kuianua. Mimi nililowa pale dirishani mpaka nguo ya bluu ikawa nyeusi.

Mama Akoth aliuachia mlango. Akasema, "Rudia pale pa kucheka."

Robi akagonga mshale wa juu mara moja. Sauti ikarudia. Robi akarudia.

Mama Akoth akakaa chini, pale pale sakafuni, akalia kilio alichokuwa amekiweka tangu mazishi. Wenzake wakamzunguka. Wakaimba wimbo wa kanisani. Robi aliondoa mikono mezani, akaiweka magotini, akangoja.

Mvua ilipopungua Mama Akoth alijifuta uso, akaja dirishani nilipokuwa. "Ingia, utaugua," akaniambia. Halafu akasema mbele ya wote, "Mtoto huyu akae. Lakini ana baba. Mimi siwezi kumweka binti wa mtu kazini bila babake kusema. Mwandikie mumeo. Akisema ndiyo, kiti ni chake."

Ndiyo maana unaona karatasi hii.

Ouma aliporudi na kusikia, alikuja kwetu akasimama mlangoni kama mkwe. "Nilikuwa napanga tu, Robi." Robi akamwambia, "Panga, kaka. Lakini ukihamisha, sema." Sasa ofisi nzima imeharibika. Mtu akisogeza kikombe, "Kiti kimehama!" Hata yule wa mandazi akiweka sinia, "Kiti kimehama!" Wajaluo hawa wamechukua sheria ya mama na hawatairudisha.

Hapa siitwi tena Awino, naitwa Mama Kompyuta, nami naitika. Mwambie mke wa Chacha kwamba nimesikia mwanawe ameingia polisi na nimefurahi sana. Lakini bunduki huiambii kitu ikakujibu. Mashine ya Robi inajibu.

Baba Robi, sasa niseme lile ambalo mimi na wewe hatujawahi kulisema.

Najua kwa nini umeisokota hiyo kamba. Ni ile baiskeli. Mtoto ana moto wa surua, mto umejaa, ukaiacha baiskeli kwenye matope ukambeba mabegani mpaka Migori, na daktari akasema macho yamekwisha. Tangu siku hiyo hujamtazama Robi usoni. Unamtazama miguu, anakanyaga wapi. Nimekuona miaka yote hii. Unadhani kama ungepita njia ile nyingine ungewahi. Na hukuwa na mtu wa kukuambia vingine, kwa sababu mimi nilikuwa nalia, na mama alikuwa anamfundisha mtoto kutembea, na wewe ukabaki peke yako na baiskeli.

Jumatano, nikiwa dirishani, nilimsikia Mama Akoth akiomba arudiwe pale pa kucheka, nikakuwaza wewe. Pamela alikwenda akicheka. Na Robi, mabegani mwako siku ile, alikuwa akiimba. Umesahau? Homa ilimpanda akawa anaimba wimbo wa Shule ya Sabato, sikio lako liko pale pale mdomoni kwake. Anaukumbuka yeye mwenyewe. Nimemuuliza juzi unakumbuka nini cha njia ile, akasema, "Nakumbuka nywele za tata zilikuwa na maji ya mvua, na alikuwa hachoki." Bado anakuita tata, baba kwa Kikuria chenu. Hakusema kitu kingine. Hana kingine.

Kwa hiyo ukimwacha hapa, hujamwacha njiani. Atakaa kwa mdogo wangu Adhiambo, nyumba yake na ofisi vinatazamana. Mimi nitarudi kwako wakati wa kupanda, na nitakuwa mtu wa kunung'unika kwa kumkosa, jiandae. Desemba Robi atakuja kulala chini ya mabati yako.

Habari ya mafundo ilimkaa sana. Chacha alipoondoka aliniambia, "Mama, tata amenitengenezea vitufe. Moja jiko, mawili choo. Bila kufundishwa na mtu. Tata angeiweza hii kazi." Nimekuandikia kama alivyosema, sikuongeza kitu, ingawa unanijua kwa kuongeza.

Nisalimie mama, umshike mikono yote miwili. Nisalimie shemeji Chacha, mwambie chai yangu bado ipo na ile ndoo yake. Msalimie mkewe, dada yangu katika boma. Msalimie mchungaji, na jirani yetu Nyangi anayeniangalizia kuku, mwambie nawajua kwa hesabu. Robi anakusalimu. Yuko hapa kando yangu anapiga vidole mezani, sijui yuko nyumba gani.

Na neno la kamba. Usiikate. Robi anaijua njia ya jikoni kwa bibi yake hata akiwa usingizini, lakini atataka kuishika kwa sababu umeisokota wewe. Ila Chacha alitaja jiko, akataja choo, akataja kwa mama, lango hakulitaja. Nilimuuliza mara mbili. Kamba yako inazunguka ndani, haifiki nje. Kama jibu lako ni ndiyo, huna haja ya kuniandikia, najua kalamu inavyokuchosha. Sokota nyingine, uirefushe mpaka langoni, ufunge fundo hapo, halafu umwambie Chacha aje atuambie tu kwamba imefika.

Mimi mkeo,
Awino, mama yake Robi.